Maua ya Yaya: jinsi zawadi ya siku ya kuzaliwa ilivyotoka Bukavu ikafika mlangoni Illinois

Kila mwezi ni wao wanaotuma. Ndugu zetu walioko Marekani wanatuma minervali ya watoto, pesa za dawa, pesa za kodi ya nyumba. Mwezi wa kwanza mwaka 2024, familia yetu ya Bukavu ilijaribu mara moja kutuma kitu upande ule: maua, kwa siku ya kuzaliwa ya dada yetu mkubwa, katika mji wa wakaaji wasiofika 9,000. Tulipoteza siku nne na karibu dola 20 kabla ya kuelewa jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Tunaandika habari hii kwa sababu familia nyingi za Kivu ziko katika hali hiyohiyo, na kwa sababu njia nzuri ni rahisi kuliko tulivyofikiri.

Yaya yangu anakaa Monmouth, katika jimbo la Illinois, kilomita kama 300 kutoka Chicago, si mbali na mto Mississippi. Ni mji mdogo wa katikati mwa Marekani, eneo ambalo Wamarekani wanaliita Midwest: mahindi na soya pande zote, uwanja katikati ya mji wenye maduka kuuzunguka, chuo kilichoanzishwa mwaka 1853, na kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe. Kiwanda hicho ndicho kilichowavuta Wakongomani. Wengi wanakaa Monmouth kwenyewe, wengine Galesburg, mji jirani ulio kilomita kama 25. Jumapili kwa kanisa utasikia Kiswahili, Kifaransa na Lingala.

Yaya alienda kule mwaka 2015 kwa loteri ya visa, pamoja na mume wake na mapacha wao. Anaamka saa tisa na nusu usiku, anavaa nguo mbili juu ya mbili, anaenda kukata nyama katika chumba chenye baridi kama frigo. Tangu aondoke hajarudi. Baba yetu alipokufa mwaka 2021, hakuweza kuja. Alituma pesa za sanduku, za chakula cha wageni na za maua ya kaburi.

Jumapili tarehe 21 mwezi wa kwanza 2024 alikuwa anatimiza miaka 40. Wazo la maua halikutoka kwetu, lilitoka kwa mmoja wa mapacha, kijana wa miaka 15. Aliniandikia kwenye WhatsApp: mjomba, hapa watu wanaleteana maua siku ya kuzaliwa. Jirani yao, mama mzee, aliletewa maua na watoto wake wanaokaa mbali. Gari dogo lilisimama, mtu akashuka na shada mkononi, akabisha mlango. Yaya aliangalia dirishani mpaka gari likaondoka. Kijana alisema: mama hajawahi kuletewa.

“Maua? Nani amekufa?”

Nilipomwambia mama, swali lake la kwanza lilikuwa hilo: “Maua? Nani amekufa?”

Mwenye kukaa Bukavu, Goma au Uvira anaelewa. Kwetu mtu aliye hai, siku yake ya kuzaliwa, anapikiwa, anakatiwa gato, anamwagiwa maji na rafiki zake mpaka nguo zinalowa. Maua tunayaona kwa harusi na kwa kilio, na mara nyingi ni ya plastiki, ili yavumilie jua juu ya kaburi.

Nilimweleza mama kwamba kule ni desturi. Akanyamaza, kisha akasema: “Maua ya mwisho tulinunuaka na makuta yake, yalikuwa ya baba yenu. Basi tumutumie yeye yake, angali muzima.” Mama anauza sambaza sokoni Kadutu. Alifungua pembe ya kitenge, akatoa dola 20. Nyingine ningetoa mimi kwenye mshahara wangu.

Hapo nikaona kwamba jambo hili si mchezo. Dola 20 za mama ni sambaza za siku nyingi. Zikipotea, siwezi kumwambia kwamba nilikosea kubonyeza.

Kosa la kwanza: duka lisilokuwa duka

Jumatatu jioni tarehe 15 nilikaa na simu. Niliandika kwa Kiingereza: maua, kupeleka, Monmouth, Illinois. Tovuti ya kwanza iliyotokea ilikuwa na jina la mji kwa herufi kubwa. Picha nzuri, shada kubwa, bei dola 69 na senti 99. Nilifikiri nimefika kwenye duka la mji.

Kila ukurasa uliofuata uliongeza kitu. Chombo cha kuwekea maua, dola kadhaa. Kadi ya salamu. “Huduma”, karibu dola 20. Mwishoni hesabu ilikuwa dola 94. Waliomba nambari ya posta ya mwenye kadi ya benki, tarakimu tano. Sisi Bukavu hatutumii nambari ya posta. Nikaandika ile ya Monmouth, 61462, na kadi ikapita. Nikachagua siku: Jumapili tarehe 21. Mashine ikakubali, ikanishukuru kwa jina.

Alhamisi barua ikaja kwenye imeli. Jumapili haiwezekani. Walipendekeza kupeleka maua “yanayofanana”, ndani ya sanduku, kwa kampuni ya kubeba mizigo, katikati ya wiki inayofuata. Nilipotafuta chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, nikaona kwamba ofisi yao iko jimbo lingine kabisa. Hawakuwa na duka Monmouth, na hawakuwa na muuza maua hata mmoja pale. Walikuwa wanapokea oda, wanakata sehemu yao, kisha wanatafuta duka la kweli litakalokubali kufanya kazi kwa pesa iliyobaki. Duka lisipokubali, mteja anapewa sababu.

Nilifuta oda. Pesa ilirudi kwenye kadi baada ya wiki tatu, bila zile za “huduma”. Tovuti ile siitaji hapa, kwa sababu si ya peke yake: ziko nyingi za namna hiyo. Tatizo hilo linajulikana Marekani kiasi kwamba majimbo kadhaa yamepitisha sheria za kukataza muuza maua kujifanya wa mji asiokaa.

Maua hayasafiri, habari ndiyo inasafiri

Usiku ule wa Alhamisi nilisoma namna biashara hii ilivyoanza, na ndipo nikaelewa nilipokosea.

Zamani Mmarekani aliyetaka kumtumia mtu wa mji wa mbali maua aliyapakia kwenye treni. Yalifika yamenyauka. Mwaka 1910 wauza maua 15 walifanya mapatano: badala ya kutuma maua, tutume telegramu. Mteja analipa kwenye duka la mji wake, duka linamwandikia mwenzake wa mji wa mbali, huyo anatengeneza shada kwa maua aliyo nayo na kulipeleka kwa miguu au kwa gari la farasi. Baadaye wanahesabiana wao kwa wao. Ushirika huo uliitwa kwa kifupi FTD, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa Downers Grove, karibu na Chicago. Mwaka 1934 ulizaliwa mshindani wake, Teleflora.

Mtu wa Kivu hahitaji kufundishwa mpango huo. Ukitaka kumpa mtu wa Goma dola mia nawe uko Bukavu, unamwachia wakala wa hapa, anapiga simu, mwenzake wa Goma anatoa dola mia nyingine. Noti haikupanda mashua. Kilichovuka ziwa ni neno tu, na uaminifu wa watu wawili.

Lakini kila mtu wa katikati anakula. Katika mpango wa kawaida wa mitandao hiyo, duka lililopokea oda linabaki na asilimia kama 20, mtandao unachukua yake, na duka linalotengeneza maua na kuyapeleka linapata asilimia zaidi kidogo ya 70. Siku za telegramu, duka la katikati lilikuwa la lazima, kwa sababu mteja hakuweza kuongea na mji wa mbali. Leo mteja ana simu. Akipita kwa tovuti ya katikati, analipa daraja wakati mto umekauka. Na kibaya zaidi, muuza maua wa mji mdogo akipokea dola 50 kati ya 94 zangu, ataweka maua ya dola 50. Picha ya dola 94 inabaki kwenye simu yangu.

Kupiga simu saa kumi na moja jioni

Nilimwomba mpwa wangu atembee mpaka katikati ya mji, apige picha kibao cha duka la maua. Alhamisi ileile, baada ya shule, alinitumia picha: duka dogo, dirisha lenye ndoo za maua, nambari ya simu juu ya mlango. Alitembea kwenye theluji. Wiki ile baridi kali ilikuwa imeshika Midwest nzima. Jirani Iowa, uchaguzi wa mchujo wa chama cha Republican wa tarehe 15 ulifanyika katika baridi ambayo haijawahi kuonekana katika uchaguzi huo.

Ijumaa nilingoja. Wakati wa baridi, Bukavu iko mbele ya Illinois kwa saa nane. Duka linafunguliwa saa tatu asubuhi kwao, kwetu saa kumi na moja jioni. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, simu yangu ilikuwa na asilimia 30. Nilipiga kwa intaneti. Mwanamke akapokea mara ya pili ya mlio.

Kiingereza changu ni cha chuo kikuu, chake ni cha mashambani Illinois. Tulielewana polepole. Nilipotaja Kongo, hakushangaa. Alisema ana wateja kutoka kiwandani, wananunua hasa kwa harusi na kwa kubatiza watoto. Oda kutoka Kongo kwenyewe ilikuwa ya kwanza kwake.

Kisha akaanza kuuliza maswali ambayo tovuti haikuniuliza hata moja.

Aliuliza kwanza nani atakuwa nyumbani. Baridi ya chini ya sifuri inaua maua kwa dakika chache, kwa hiyo hawaachi shada mlangoni. Anayelipeleka lazima aone mtu. Yaya anafanya kazi Jumamosi mpaka saa sita mchana. Kiwandani inawezekana kuacha maua kwa ofisi ya mbele, lakini kule ndani hayaingii, na yangekaa pale peke yake. Tukakubaliana: nyumbani, Jumamosi baada ya saa saba mchana, na mpwa wangu atakuwa pale kufungua. Jumapili, siku yenyewe ya kuzaliwa, duka limefungwa, kama maduka mengi ya miji midogo. Tovuti ile iliniuzia siku ambayo hakuna anayeiuza.

Swali la pili: anapenda rangi gani? Nilinyamaza. Sikujua rangi anayopenda yaya yangu. Nilikumbuka kitenge alichovaa siku ya kuondoka, cha manjano na rangi ya chungwa. Nikasema hizo.

Swali la tatu: kuna ua tusiloweka? Hapo mimi ndiye niliyemfundisha. Niliomba asiweke krizantemu, na asiweke maua meupe mengi. Sisi tuliotawaliwa na Ubelgiji tulirithi desturi ya kuona krizantemu ni ua la makaburi, la sikukuu ya watakatifu wote. Marekani ni ua la kawaida, linajaza shada na bei yake ni ndogo. Mama angeliona kwenye video angepiga kelele. Mwanamke aliandika. Alipendekeza waridi wachache, yaani rozi, jerbera za rangi ya chungwa, na alstromeria za manjano, ambazo zinavumilia hata wiki mbili kwenye maji.

Bei ilikuwa dola 55 za maua, dola 8 za kupeleka ndani ya mji, na kodi ya jimbo na ya mji. Jumla ilikosa kidogo kufika dola 68.

Pesa nayo haikusafiri

Nilimsomea nambari za kadi yangu. Mashine yake ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Inaomba nambari ya posta ya nyumbani kwa mwenye kadi na kuilinganisha na ile ya benki. Benki yangu ya Bukavu haina cha kulinganisha. Simu ilikuwa na asilimia 12.

Nilimwomba aniwekee oda saa moja. Nikampigia rafiki wa familia anayekaa Galesburg, kijana tuliyesoma naye Kadutu. Alilipiga duka simu, akalipa kwa kadi yake kwa dakika tano. Jioni ileile nilipanda mpaka kwa mama yake, nikamhesabia dola 68 mkononi. Akaniambia nimletee yaya salamu.

Ndivyo malipo yalivyokwenda. Maua hayakuondoka Bukavu, dola hazikuondoka Bukavu, na yote mawili yalifika. Wale 15 wa mwaka 1910 wasingeona jambo geni.

Kilichobaki ni maneno ya kadi. Mama alikuwa amenipa baraka ndefu, za mababu na za Mungu, ukurasa mzima. Kadi ya muuza maua ni ndogo kama kadi ya uchaguzi. Mama akapunguza, akapunguza tena. Nilirudi kwenye simu, nikataja herufi moja moja, M kama Monmouth, U kama Uganda, mpaka mwisho. Mwanamke alinisomea yote kwa sauti kuhakikisha. Sikumsahihisha matamshi.

Maua yametoka wapi?

Nilimuuliza, januari yote ni theluji, maua haya yanaota wapi? Alisema ya kwake mengi yanatoka Colombia na Ecuador. Ni kweli kwa Marekani nzima: sehemu kubwa ya maua ya kukatwa yanayouzwa kule yanatoka nje, na nchi hizo mbili ndizo za kwanza. Yanakatwa alfajiri, yanaingia kwenye chumba cha baridi, yanapanda ndege mpaka Miami, yanakaguliwa, yanapakiwa kwenye malori yenye frigo, yanagawanywa kwa wauzaji wa jumla, na siku chache baadaye yako kwenye ndoo Monmouth.

Mashamba ya Colombia mengi yako kwenye uwanda wa Bogotá, mita 2,600 juu ya bahari. Ya Ecuador yako milimani, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Waridi linapenda hivyo: jua la saa kumi na mbili mwaka mzima, usiku wa baridi kidogo. Kwa sababu hiyohiyo Kenya inalima maua Naivasha na kuyauza Ulaya. Msomaji wa Kivu atatambua maelezo hayo: milima, ikweta, usiku wa baridi. Ua linalouzwa kwa kilo kwetu ni pareto ya Kivu Kaskazini, ya kutengeneza dawa ya wadudu. Ardhi na hewa havikosekani. Kinachokosekana ni barabara, chumba cha baridi na ndege ya kila usiku, na zaidi ya vyote, usalama. Waridi halingojei barabara ifunguliwe.

Saa tatu na nusu usiku

Jumamosi tarehe 20, majirani walikuwa bado wanaongea juu ya sherehe za Kinshasa, ambako Rais alikuwa ameapishwa mchana. Sisi tulikuwa tunaangalia saa. Saa tatu na nusu usiku, saa saba na nusu mchana Monmouth, simu ya mama ikalia. Ilikuwa video ya mpwa wangu.

Tuliona mlango, theluji, mtu mwenye kofia akiwa na kitu kilichofunikwa kwa karatasi na plastiki kama mtoto mchanga. Tulisikia mpwa akisema asante kwa Kiingereza. Kisha karatasi ikafunguliwa juu ya meza, rangi ya chungwa na manjano ikajaa kwenye simu. Hapakuwa na krizantemu hata moja.

Yaya alitoka chumbani na kitambaa kichwani. Aliuliza nani ameleta. Kijana akampa kadi. Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Ilikuwa imeandikwa: “Mwanangu, mikono yako tunaiona. Mama.”

Hakulia mara moja. Alianza kwa kutugombeza: “Hizi makuta mungenunua muchele! Nani aliwaambia mutume?” Mama akamjibu: “Nyamaza, unukishe maua yako.” Ndipo akafunika uso.

Tuliongea mpaka intaneti ikakatika. Alituambia jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa miaka tisa. Kila simu kutoka Bukavu inapolia, kabla ya kupokea anahesabu kichwani kimebaki kiasi gani benki. Anajua tunampenda, alisema, lakini moyo unahesabu kwanza. Siku ile simu ililia asubuhi na hakupokea, akidhani ni shida.

Sisi tulikuwa tunapiga kuuliza tu kama amerudi kazini.

Kwa familia zinazotaka kujaribu

Tangu nilipohadithia jambo hili ofisini, watu wengi wameniuliza njia. Hii ndiyo tuliyojifunza.

Tafuta duka lenye anwani ya barabara ndani ya mji wenyewe, au mji wa jirani. Mwombe ndugu aliye kule akutumie picha ya kibao. Jina la mji kwenye tovuti si ushahidi. Kama tovuti haina anwani, au inasema inapeleka “nchi nzima”, ni mtu wa katikati.

Piga simu, usibonyeze tu. Hesabu saa: miji ya Illinois na Iowa iko nyuma ya Bukavu na Goma kwa saa nane wakati wa baridi na saba wakati wa joto. Ohio na Indiana, sehemu yake kubwa, ni saa saba na sita. Piga asubuhi yao, kabla gari halijatoka.

Agiza siku mbili au tatu mbele. Usichague Jumapili. Epuka wiki ya tarehe 14 mwezi wa pili na ile ya sikukuu ya akina mama, Jumapili ya pili ya mwezi wa tano: maduka yanaelemewa na bei zinapanda.

Sema bei yako ya mwisho na kila kitu ndani yake. Muuza maua wa mji mdogo ataweka anachoweza kwa pesa hiyo. Mwambie rangi, mwambie unachokataa, halafu mwache afanye kazi yake na maua aliyo nayo.

Toa nambari ya simu ya anayepokea, na uhakikishe kuna mtu nyumbani, hasa kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa tatu.

Kadi ya benki ya Kongo inaweza kukataliwa. Tayarisha mtu wa kulipa kule, na umrudishie pesa familia yake huku. Siku hiyohiyo, bila kungoja kuulizwa.

Baada ya wiki mbili

Waridi yalianguka baada ya siku nane. Alstromeria zilifika siku ya kumi na nne. Yaya alikausha jerbera mbili ndani ya Biblia, na kadi ameibandika kwenye mlango wa frigo, karibu na ratiba ya kazi.

Mwezi wa pili alituma pesa kama kawaida, na dola 10 juu. Aliandika kwamba hizo ni za mama anunue maua, ya kweli, si ya plastiki, ayaweke mezani.

Mama alinunua mafuta ya kupikia. Siku hizi, jioni ya Jumapili, ananiomba simu, ampigie yaya bila sababu. Akipokea tu, mama anaanza hivi: “Hakuna shida. Nilitaka tu sauti yako.”